Barua ya Anyango, mdomo wa Mama Atim

Bakamarade na dada zangu, ninyi mnaosoma bado na ninyi mliokwisha kupata diploma mkingali mnatafuta kazi, leo nataka tuongee filamu ya Kenya inayoitwa Rafiki. Wengi wanaijua kwa fujo tu: serikali ilikataza, mahakama ikaingilia, magazeti ya Ulaya yakaandika. Filamu ikishakatazwa, watu wanaacha kuiangalia kama filamu. Mwenye kuipenda anaipenda juu imewakasirisha wakubwa, mwenye kuichukia anaichukia kabla hajaiona. Mimi nimeiona mara tatu. Hadithi iliyoizaa nimeisoma mara nyingi zaidi. Na nina ugomvi na filamu hii, lakini ugomvi wangu si ule wa serikali.

Kwanza mambo ya msingi. Rafiki ni kazi ya Wanuri Kahiu, aliiandika pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini. Mwezi wa tano 2018 ilionyeshwa Cannes, katika sehemu ya Un Certain Regard, na ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha lile. Inahusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki. Lakini kabla ya Nairobi kulikuwa Kampala. Hadithi fupi "Jambula Tree", ya Mganda Monica Arac de Nyeko, ilitoka 2006 ndani ya African Love Stories, mkusanyo uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana. Mwaka 2007 ikapata tuzo ya Caine, na mbele yake hakukuwa Mganda aliyeipata. Ni fupi kweli. Unaweza kuianza sombe ikiwa jikoni na ukaimaliza kabla sombe haijaiva. Iko kwa Kiingereza, ndiyo, ila hata sisi watoto wa Kifaransa tunaipita na kamusi pembeni.

Hadithi yenyewe ni kama barua. Anyango, aliyebaki nyumbani, anamwandikia Sanyu, aliyepelekwa London. Walikua pamoja kwenye majengo ya Nakawa, mtaa wa watu wadogo ambapo kuta ni nyembamba na kila mama anajua mwenzake amepika nini. Wakapendana. Usiku mmoja wakakutwa chini ya mti wa jambula, na toka pale mtaa mzima ukawa na hadithi yake. Sanyu akaondolewa. Miaka imepita, sasa kuna habari kwamba Sanyu anarudi, njo Anyango anashika kalamu.

Jambula ni ule mti Waswahili wa pwani wanauita mzambarau. Asili yake ni Asia ya kusini, na matunda yake yanapaka ulimi rangi ya zambarau nzito. Mtoto aliyeiba zambarau haulizwi maswali mengi, anaambiwa tu atoe ulimi. Sijui kama mwandishi aliuchagua mti kwa sababu hiyo, lakini nikisoma naona ulimi tu. Hadithi yote ni ya ulimi: nani anasema, nani anasemwa.

Angalia namna inavyoanza. Anyango hakuambiwa na Sanyu kwamba anarudi. Hakuambiwa na wazazi wa Sanyu. Aliambiwa na Mama Atim, jirani. Mama Atim njo redio ya mtaa. Anajua nani amefika, nani ameondoka, mtoto wa nani ana mimba na nani ameonekana wapi. Ukikaa Kasungami huna haja nikueleze zaidi. Kila avenye iko na wake. Ana meza ndogo mbele ya lupango, anauza mikate, chumvi, mafuta ya kupima na kikopo, na pamoja na chumvi anakupa habari bila kulipa. Si mama mubaya. Siku ya matanga yeye njo wa kwanza kufika na sufuria. Lakini jina lako likishapita kwenye ile meza, halirudi kama lilivyokwenda.

Sasa, ujuzi wa Monica Arac de Nyeko uko hapa: hadithi inaanza na neno la Mama Atim, halafu Anyango analinyakua. Kwa miaka yote mtaa umesema juu yake. Katika kurasa hizi anasema yeye. Na hasemi na mtaa, wala hasemi na sisi wasomaji. Anamwambia mtu mmoja, "wewe", kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sisi tunasoma kama mtu aliyeokota barua ya mwengine barabarani. Hajitetei, kwa sababu mwenye kujitetea amekwisha kukubali kwamba wenye kumshitaki njo wenye kikao. Anakumbuka tu, na anangoja.

Shikeni hilo vizuri, kwa sababu ugomvi wangu unatoka pale.

Kuchukua hadithi fupi na kuifanya filamu si jambo jipya, na tena sinema nyingi changa zimeanza hivyo. Bengal, kule India ya Waingereza, mwaka 1923, Naresh Mitra alitengeneza Manbhanjan kutoka hadithi fupi ya Rabindranath Tagore. Ni hadithi ya Giribala, mke ambaye mume wake tajiri anamaliza siku na feza kwenye teatri juu ya mwigizaji mmoja. Mume anamnyang'anya mke vito vyake kwa nguvu na kuondoka. Mwishoni mume anarudi ukumbini kuangalia mwigizaji mpya anayesifiwa na mji wote, mwigizaji anafunua uso, kumbe ni Giribala, mke wake. Anapiga kelele za kuua, wanamtoa nje. Filamu ilikuwa bubu. Fikirini kazi ile: una maneno ya Tagore mkononi na huna sauti hata moja ya kuyasema, ila kadi chache za maandishi katikati ya picha. Yote mengine lazima yapite kwenye uso, mkono, nguo, mlango unaofungwa. Filamu nyingi bubu za Bengal zimepotea, hadithi imebaki. Afrika, Ousmane Sembène alifanya kitu cha karibu. Alichukua hadithi yake mwenyewe kutoka kitabu Voltaïque cha 1962, akatengeneza La Noire de... mwaka 1966. Katika kitabu msimulizi ni mtu wa nje. Katika filamu, Diouana, mtumishi ambaye mbele ya mabwana wake karibu hasemi kitu, tunasikia sauti yake ya ndani tangu anashuka kwenye meli. Sembène alimpa msichana sauti ambayo karatasi haikumpa.

Kahiu alifanya kinyume. Alipokea msichana mwenye sauti, akamrudisha kimya.

Ngoja nieleze, kwa sababu si kila kitu cha kimya ni kasoro. Filamu imehamisha mambo yote Nairobi, kwenye mtaa unaoitwa Slopes. Anyango amekuwa Kena, anachezwa na Samantha Mugatsia. Sanyu amekuwa Ziki, anachezwa na Sheila Munyiva. Kena anacheza mpira na vijana, anapanda skeitibodi, anasaidia kwenye duka la baba yake, na anafikiri atakuwa mwuguzi. Ziki ana nywele za kusuka zenye rangi kama duka la pipi, na njo yeye anayemwambia Kena: kwa nini mwuguzi, kwa nini si daktari? Barua imeondoka. Mti umeondoka pia. Mahali pao pa kujificha ni gari bovu lililoachwa, wanalipamba kidogo kidogo mpaka linakuwa chumba. Na wazazi wameongezewa kazi kubwa: baba ya Kena, John Mwaura, na baba ya Ziki, Peter Okemi, wote wawili wanagombea kiti kimoja katika uchaguzi wa kaunti. Mabango yao yako kwenye kila ukuta.

Huu uchaguzi njo kitu cha kwanza kinachonisumbua. Ninaelewa sababu yake. Barua haina vitendo vingi, na filamu ya zaidi kidogo ya dakika 80 inahitaji injini. Basi wakachukua injini ya zamani, nyumba mbili zenye uadui na watoto wao wanapendana, na mtazamaji yeyote wa dunia anaitambua kwa dakika 5. Lakini ona inachofanya. Kwa hadithi, Nakawa haikuhitaji uchaguzi ili iwatese Anyango na Sanyu. Iliwatesa siku ya kawaida, bila bango lolote, kwa sababu mtaa wa watu wenye kidogo unalinda heshima kama mali yake ya mwisho. Ukiweka uchaguzi, aibu inapata bei: baba atapoteza kura. Tunaanza kufikiri kwamba shida ni siasa, na kwamba kama baba hawa wangekuwa, tuseme, fundi wa viatu na mwalimu wa shule, pengine mambo yangepita. Yasingepita. Kila mtu wa Kasungami anajua hayangepita.

Hata hivyo uchaguzi umetupa John Mwaura, anayechezwa na Jimmi Gathu, na mbele yake ninavua kofia. Ameachana na mama ya Kena, ana mke mpya mwenye mimba, ni mwanaume wa kawaida mwenye makosa ya kawaida. Siku binti yake amepigwa na kudhalilishwa, anachagua binti, na anajua kura zinaondoka. Hatoi hotuba. Kwa filamu za kwetu, baba akifika polisi kumchukua mtoto wa kike, tumezoea ajue kupiga kofi kwanza halafu kuuliza. Huyu anakaa tu karibu naye. Mmoja wa wale tulioangalia pamoja, kijana mkubwa mwenye ndevu, alitoka nje pale na akakaa muda.

Niseme kidogo namna tulivyoiangalia. Tulikuwa 7, wote wa UNILU au waliopitia pale, kwenye ordinatere ya mmoja wetu, kwa sababu kuran ilikuwa imeondoka na betri yake njo ilikuwa na nguvu. Mlango ulifungwa filamu ikiwa imeanza dakika 10 tu. Hakuna aliyesema "funga mlango". Mwenye kukaa karibu nao aliunyoosha mkono akaufunga, pole pole, na sauti ikashushwa. Kiswahili cha Nairobi kinatupita nusu. Wanachanganya na Kiingereza na Sheng, sisi tunakamata neno moja tunaliruka lingine. Lakini kwenye mapigo, kwenye makelele ya watu wakiwavuta wale wasichana, hakuna aliyehitaji mkalimani. Dada mmoja akasema polepole: "Bile njo bananafanyaka." Halafu tukanyamaza wote, kwa sababu sote tumekwisha kuona kundi la watu likimzunguka mtu katikati ya njia, kwa wizi, kwa uchawi, kwa jambo ambalo saa ileile hakuna mtu aliyekuwa analijua vizuri. Kwanza neno, halafu watu 10, halafu jiwe. Filamu inajua mwendo ule, inaufuata sawasawa: neno linatoka kwenye kibanda cha Mama Atim, linazunguka, linarudi na mikono.

Ndiyo, Mama Atim. Karibu majina yote yamebadilishwa, lakini lake limebaki. Muthoni Gathecha anamcheza na macho yanayoona hata kisogoni. Ana kibanda, vijana wanakula na kunywa pale, na binti yake Nduta anahudumia. Sidhani ni bahati tu kwamba jina lile limevuka mpaka kutoka Uganda. Kahiu alijua kwamba bila huyu mama hakuna hadithi. Saa nzima ya kwanza ya Rafiki, uzuri wake mkubwa ni namna kamera inavyokuwa Mama Atim. Tunawaangalia wasichana kutoka ng'ambo ya barabara, kati ya nguo zilizoanikwa, kutoka juu ya ngazi. Wakigusana bega tunashituka kwa sababu tunajua kuna mtu anaona, na yule mtu ni sisi. Ukiniuliza, hii ni akili ya kweli ya kugeuza hadithi kuwa filamu. Barua ilitufanya wasikilizaji wa siri; sinema haiwezi barua, basi imetufanya wapelelezi.

Na zile dakika za kimya. Nilitaja Bengal hapo juu kwa sababu hii. Mambo bora ya Rafiki yangesimama hata ukizima sauti. Kanisani, mhubiri anawahubiria watu juu ya wale wanaopendana hivyo, mkono wa Ziki unatafuta mkono wa Kena, na Kena anauondoa wake. Mikono miwili, sekunde chache, na unaelewa kwamba mmoja ana wazazi wenye feza za kumpeleka mbali na mwengine atabaki kulipa. Kuna pia yule kijana wa mtaa ambaye toka mwanzo vijana wanamtukana, wanamsema si mwanaume, na rafiki wa Kena wako kati ya wenye kutukana. Kena anasikia na hasemi kitu. Baada ya kupigwa, Kena amekaa, yule kijana anakuja anakaa pembeni yake. Hawaongei. Hawajawahi kuongea katika filamu yote. Hakuna kitu kama hiki katika hadithi ya Arac de Nyeko, na kingeandikwa kingehitaji kurasa 2 za maelezo. Hapa, miili miwili imekaa tu. Mugatsia alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO mwaka 2019, na ukiangalia mabega yake katika dakika ile utajua juu ya nini.

Kwa hiyo kimya kinaweza kazi. Basi ugomvi uko wapi?

Uko kwa kuwa kimya cha Kena hakivunjiki popote. Ninangoja, kila mara ninangoja, atashika neno. Polisi wanawachekelea na maswali machafu, anyamaze, sawa, polisi njo polisi. Mama yake anampeleka kanisani waombee pepo litoke, anyamaze, sawa, mikono ya watu wazima iko juu ya kichwa chake. Lakini hata na Ziki, mambo wanayoambiana ni ya kesho: tutakuwa tofauti na wazazi wetu, tutakuwa kitu cha kweli. Ni maneno mazuri ya vijana. Hayafiki pale Anyango anafika, kwenye kusema: hiki njo kilitokea, hivi njo nilikuona, na sihitaji mtaa wote unipe ruhusa ya kukumbuka. Hadithi ilimnyang'anya Mama Atim neno. Filamu imemwachia.

Wengine kati yenu watasema: ile ilikuwa karatasi, hii ni picha, usilaumu samaki kwa kukosa manyoya. Nimejibu na Sembène. Sauti ya ndani ya Diouana haikuhitaji feza nyingi. Ilihitaji mtu aamue kwamba msichana huyu ana kitu cha kusema ambacho hakuna mwengine anaweza kukisema.

Sasa tufike kwenye katazo, maana linagusa mwisho wa filamu. Tarehe 27 mwezi wa nne 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliikataza. Sheria ya Kenya, kifungu cha 162 cha kanuni ya adhabu, inatisha na kifungo cha mpaka miaka 14, na bodi ilisema filamu inahimiza kinyume cha sheria. Kahiu alieleza kwamba kilichowaudhi zaidi ni mwisho wake: walitaka ubadilishwe, juu ulikuwa na matumaini mno. Alikataa. Alikwenda mahakamani, na tarehe 21 mwezi wa tisa, jaji Wilfrida Okwany akasimamisha katazo kwa siku 7, watu wazima tu, ili filamu iweze kutimiza masharti ya kupendekezwa kwa Oscar. Nairobi viti vilijaa. Kenya ilituma filamu nyingine, Supa Modo. Mwaka 2020 mahakama ikasema katazo la bodi lilikuwa halali. Siku 7, basi, njo muda ambao Wakenya waliruhusiwa wakati ule kukaa pamoja gizani na kuiangalia filamu yao.

Mimi ninaona bodi iliielewa filamu kuliko washabiki wengi. Haikusema "ondoeni busu". Ilitazama mwisho. Wasichana wakilia, wakitubu, wakifa, ilikuwa inawezekana tuionyeshe kwa watoto kama fundisho. Wakibaki wazima na wenye kufurahi kidogo, ni hatari. Kahiu ana neno lake la Kiingereza kwa sanaa anayoitaka, Afrobubblegum, kama utamu wa kutafuna: Afrika yenye kuchekelea, yenye rangi, isiyosimama kila siku mbele ya kamera na bakuli tupu. Ndiyo maana Slopes yake ina waridi na zambarau kila pahali, na mwanzoni kabisa Muthoni Drummer Queen anaimba ukutani kukiwa na michoro na barabarani vijana wanatembea kama mji ni wao. Kuna wenye kusema urembo ule unaficha umaskini. Mimi siko upande wao. Mtaa wangu una vumbi jekundu miezi 6 na matope miezi 6, na bado Jumapili ukitazama vitenge vinavyotoka kanisani utafikiri mtu amemwaga rangi barabarani. Rangi ya Rafiki ni ya kweli. Zambarau ile, kwangu, ni jambula: mti umeondoka, juisi yake imebaki kwenye nguo.

Kama kuna mwenzetu anatafuta suje ya TFC, hiyo moja naitoa bure: rangi ya tunda katika filamu ambayo haina mti.

Neno "rafiki" lenyewe pia lina kazi. Kahiu alieleza kwamba wapenzi wa namna hii wanajulishana kwa watu hivyo, "huyu ni rafiki yangu", na jambo linafunikwa. Lubumbashi tunalijua lile pazia. Binti akisema nyumbani "ni rafiki tu", mama anauliza: rafiki wa namna gani? Swali lile halitaki jibu, linataka tu ujue kwamba limeulizwa. Jina la filamu linamwacha mtazamaji mahali pa mama yule, na ninalipenda.

Tumalizie na mwisho ule uliokasirisha bodi. Miaka imepita. Ziki alipelekwa London, kama Sanyu. Kena amekuwa daktari, si mwuguzi. Yuko hospitalini, anahudumia, na mgonjwa aliye mbele yake ni Mama Atim. Mwili umechoka, macho ni yaleyale. Na kutoka kitandani, Mama Atim anampa habari: Ziki amerudi.

Hapa filamu imerudi kwenye sentensi ya kwanza ya hadithi. Imetembea njia yote, uchaguzi, kanisa, polisi, gari bovu, ili ifike pale Anyango aliposhika kalamu: jirani amesema umerudi. Mara ya kwanza nilipoona nilipiga magoti yangu kwa mkono, kwa furaha ya kutambua. Mara ya tatu nikaona kitu kingine. Kena ana koti jeupe, ana cheo, yule mama amelala chini ya mikono yake, na bado habari ya maisha yake mwenyewe anaipokea kwa mdomo ule ule. Halafu anapanda mlimani, mji uko chini, jina lake linaitwa, anageuka. Tunaona mkono juu ya bega. Uso wa Ziki hatuoneshwi.

Bodi iliona matumaini katika mkono ule, na washabiki nao waliona matumaini. Mimi nimekaa nikingoja Kena afungue kinywa, hata kwa neno moja, "wewe", na filamu inakatika kabla.